Shati Lisilo na Kola

Syombua alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa napiga pasi, na ninalitaja hilo kwa sababu tangu mwaka ule siwezi kupiga pasi kola ya shati bila kusita kidogo. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito, ya mwanamke mwenye wajukuu, lakini alinisalimia kama mtu niliyeachana naye jana. Alisema anahama Kaloleni, anaenda kukaa na mwanawe Machakos, na katika kutoa vitu nje amekuta vya marehemu baba yake ambavyo mwenyewe ni mimi. Nikamuuliza vitu gani. "Njoo uone," akasema. "Si vya kueleza kwa simu." Nilisema nitakuja Jumanne, na kati ya Jumamosi na Jumanne nililala vibaya, nikijiuliza kwa nini alisema "mwenyewe ni wewe" na hakusema "alikuachia". Ndivyo nilivyo. Mtu mwingine angesikia mwaliko. Mimi nilisikia wito wa mahakamani. Na safari hii, kwa mara moja katika maisha yangu, hofu yangu haikuwa imekosea sana.

Wazazi wangu na ndugu zangu hawamo katika habari hii, na nadhani wangefurahi kutokuwamo. Itoshe kusema kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimaliza chuo kikuu na digrii ya historia, nikaja kulala kwa binamu yangu, karani wa reli, katika mtaa wa Kaloleni. Miaka michache tu nyuma, mtu akitoka chuo kikuu alikuta meza inamngoja serikalini. Sisi tulipofika meza zilikuwa zimekwisha. Kila asubuhi nilitia vyeti vyangu katika mfuko wa plastiki, nikatembea hadi viwandani Industrial Area pamoja na watu waliokuwa wakitoka Mukuru kwa Njenga, maelfu kwa maelfu, kimya, wakienda kusimama mbele ya mageti. Wao walikuwa na mabega. Mimi nilikuwa na mfuko wa plastiki. Bawabu mmoja aliyekuwa ananijua kwa sura alizoea kupaza sauti: "Digrii amefika! Mpisheni!" Kisha ananiambia polepole, bila ubaya, "Ndugu yangu, hapa tunataka mgongo, hatutaki kichwa." Kufikia saa tano msimamizi alikuwa amechagua watu wake, nasi wengine tunageuka. Vijana wa mtaani walioketi ukutani wananiuliza, "Niaje, Digrii? Bado unatarmac, kazi hujaipata?" Nami nacheka kidogo, kwa sababu usipocheka wanajua wamekupata.

Mahali nilipokuwa napumzika kutokana na haya yote ni kibarazani kwa Mzee Kioko, baba yake Syombua, nyumba ya tatu kutoka kwa binamu yangu. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule za msingi, kaptula za kaki na mashati, na chumba chake cha mbele kilinuka kitambaa kipya na makaa ya pasi. Cherehani ilikaa chini ya dirisha. Ukutani, juu ya msumari mrefu, zilining'inia karatasi za kukatia, zile za rangi ya kahawia, nyingine zimezeeka hadi zimelainika kama ngozi. Juu ya kabati palikuwa na mkebe wa biskuti ambao haukuwa na biskuti. Ndani yake aliweka barua na vifungo vya shaba. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye miaka zaidi ya sabini na mitano, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekakamaa, hakikunjiki, kimenyooka daima kama anayeonyesha kitu. Sindano ya mashine ilikuwa imepita ndani ya kiungo chake ujanani. Mke wake alikuwa amefariki. Syombua, wakati huo kidato cha tatu, ndiye aliyepika: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe mara nyingi, sukuma wiki na ugali siku nyingine, na jioni strungi, chai isiyo na maziwa, katika vikombe vya bati vilivyobanduka rangi mdomoni. Walinipa chakula bila kuniuliza kama nimekula. Mimi, badala ya kula, nilikuwa nikihesabu ni mara ngapi wiki hiyo nimekula kwao, na kama wameanza kuchoka.

Kila nilipofika kutoka mageti ya Industrial Area, Mzee Kioko aliinua uso kutoka kwenye cherehani, akauliza kwa sauti ya kijeshi, "Ripoti?" Nami nilitakiwa kusimama wima mlangoni, mfuko wa plastiki mkononi, nijibu, "Hakuna, afande." Halafu ananionyesha kigoda kwa kile kidole kilichonyooka. Huo ulikuwa mchezo wetu. Siku nyingine huo ndio mchezo pekee niliocheza.

Sauti ile ya kijeshi ilikuwa na sababu. Katika ujana wake, katika miaka ya amani iliyokuwa kati ya vita vile viwili vikubwa, Mzee Kioko aliandikwa katika jeshi la mkoloni. Alipewa namba, akafundishwa paredi na bunduki kama wenzake, kisha, kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri, akapelekwa katika chumba cha washonaji wa kikosi. Kidole kilipoharibika hakuweza tena kufyatua bunduki, akaachishwa. Mwaka uliofuata vita vya pili vikaingia, na wenzake wakaenda bila yeye. Hilo ndilo lililompa Mzee Odera neno la kusema kila jioni. Odera alikaa mkabala. Alikuwa dereva wa lori katika vita hivyo vya pili, alifika Burma, na alikuwa na medali ambayo aliivaa hata akienda kununua mkate.

"Fundi," Odera alikuwa akisema, akijiketisha kabla ya kukaribishwa, "wewe jeshini ulikuwa unapigana na nani? Na mbu?"

"Dereva, kama si mimi ungefika huko Burma uchi."

"Heri ningefika uchi. Mjapani angekimbia!"

Walicheka wote wawili hadi Odera akakohoa. Lakini mapema mwaka ule walikuwa wamezika mwenzao mmoja, mtu wa vita vya Odera, na ofisi ya chama cha askari wa zamani ilikuwa imemleta mpiga tarumbeta. Askari kijana, mwenye sare ya madoadoa, alisimama kando ya kaburi, akapiga ule mlio mrefu unaopanda na kushuka, na Mzee Kioko akarudi nyumbani asiweze kushona siku mbili. Jioni ya tatu alisema, kama anayezungumza na cherehani, kwamba angependa na yeye apigiwe. Odera, ambaye hakujua kunyamaza, akasema, "Wewe watakupigia cherehani." Safari hii Kioko hakucheka.

Ili upigiwe tarumbeta ilikuwa lazima jina lako liwe katika daftari la ile ofisi. Yeye hakuwa na karatasi. Zilikuwa zimeungua na nyumba ya nyasi kwao Kitui, zamani. Lakini mwaka ule ofisi ilitangaza kwamba wasio na karatasi wanaweza kuandika maelezo ya utumishi wao, mambo ambayo mtu asiyekuwapo hawezi kuyajua, nayo yatalinganishwa na kumbukumbu zilizopo. Maelezo yalitakiwa yawe kwa Kiingereza. Mzee Kioko alisoma Biblia ya Kikamba na gazeti la Kiswahili, Kiingereza hakukijua ila maneno ya amri. Basi akaniambia, "Karani, kazi umepata." Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima mtu kuitaka digrii yangu.

Tuliandika jioni nne, kwanza kwa Kiswahili. Nilitarajia aanze na jina lake au jina la ofisa wake; akaanza na miguu. "Andika: miguu mitupu," alisema. "Jeshi letu lilianza kukua kutoka miguuni. Mimi nilipoingia hatukuwa na viatu. Baadaye kidogo, wengine walipewa makubadhi ya safari. Juu ya mguu mtupu, kitambaa cha bluu kimezungushwa kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti, na ole wako kikilegea. Kaptula ya kaki. Tarbushi nyekundu kichwani. Sweta ya bluu siku za baridi. Na shati." Hapo akasimama, akaenda kwenye msumari ukutani, akapekua karatasi zake hadi ya mwisho kabisa, ile iliyolainika kama ngozi, akaitandaza magotini pangu. Ilikuwa nusu ya kifua cha mtu, na shingo yake ilikuwa duara tupu. "Shati halina kola."

"Kwa nini?"

"Kola ilikuwa ya wakubwa. Kola inakaa na tai, na sisi tulikuwa na tai gani? Vita vya akina Odera vilipokuja ndipo nguo ikabadilika. Wakapewa kola, wakapewa buti, wakapewa kofia ya ukingo mpana. Uhuru ukaja, ikawa suruali ndefu kwa kila mtu, na vijana wetu wenyewe wakavaa nyota mabegani. Sasa ni yale madoadoa, askari anafanana na kichaka. Sawa. Lakini wewe niletee mtu gizani nimshike shingo tu, nitakuambia ni askari wa lini."

Odera, kutoka kwenye kiti chake, alisema, "Ukimshika mtu shingo gizani watakuita mwizi, si fundi." Syombua alicheka mpaka akamwaga chai.

Ni katika jioni hizo nne alipotusimulia habari ya mkono wa shati. Siku moja ya ukaguzi ofisa alikuta shati ambalo mkono wake wa kushoto umeshonwa kulia. Akaamrisha washonaji wote wapange safu juani, watu kumi na wawili, miguu mitupu juu ya changarawe, akauliza ni kazi ya nani, akaondoka. Kila mmoja katika safu alijua. Mishono ya mtu ni kama mwandiko wake. Lakini hakuna aliyesema. Walisimama tangu asubuhi, jua likapanda, mmoja akaanguka akainuliwa akarudi mahali pake. "Nani alikuwa ameshona?" nikauliza. "Mimi," alisema Mzee Kioko. "Nilitoka hatua moja mbele jua likiwa hapa," na akaonyesha kwa kidole chake juu ya paa la nyumba ya jirani, mahali pa saa nane. "Nilibeba mawe wiki nzima. Lakini hakuna hata mmoja aliyenilaumu, wala kabla wala baada. Katika safu mtu hanyooshewi kidole. Anangojwa." Niliipenda hadithi hiyo. Niliona haina nafasi katika maelezo, nikaiacha nje.

Sasa nifike kwenye lile nililolifanya. Nimejaribu kuliandika mara nyingi kwa namna ya kunifaa, haliandikiki. Niliichukua ile rasimu ya Kiswahili nikaenda nayo maktaba ya chuo, ambako kadi yangu ilikuwa imebakiza wiki tatu, ili niitafsiri vizuri. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa historia, nikaona si sawa kupeleka maneno ya mzee bila kuyathibitisha. Nikakuta kitabu kinene chenye picha ya safu ya askari Waafrika. Wote walikuwa na buti. Wote walikuwa na kola. Chini ya picha pameandikwa tu kwamba ni askari wa miaka ya kabla ya vita kwisha, na vita gani haikusemwa. Niliitazama picha ile kwa saa mbili. Nilijiambia kwamba mzee ana umri mkubwa na kumbukumbu huteleza. Nikajiambia kwamba ofisa atakayesoma habari za mtu asiye na viatu wala kola atadhani huyu alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wabeba mizigo wa vita vya kwanza ambao mtaa wa Kariokor umerithi jina lao, si askari wa namba na bunduki. Atamcheka, ataiweka barua kando. Nikajiambia kwamba namtetea. Kichwa changu hakijawahi kukosa sababu. Basi nikamvika Mzee Kioko buti, na nikamshonea kola, kwa Kiingereza safi. Nilirudi nikamsomea ile rasimu ya Kiswahili, yake mwenyewe, neno kwa neno. Akasema "Naam" kila mwisho wa sentensi. Kisha akaweka dole gumba lake chini ya ile ya Kiingereza, kwa sababu fomu ilitaka alama ya dole, na tukaipeleka posta pamoja, yeye amevaa koti.

Jibu lilikuja baada ya mvua ndefu. Lilikuwa la adabu, na lilikuwa la haki. Sina la kuilaumu ofisi ile. Liliandikwa na mtu aliyejua kazi yake. Alisema kwamba maelezo yamesomwa kwa makini, lakini sare iliyoelezwa hailingani na miaka inayodaiwa: askari wa miaka hiyo hawakuvaa buti, wala shati lenye kola, na mtu aliyekuwa katika chumba cha washonaji asingeweza kukosea jambo hilo. Kwa hiyo jina haliwezi kuingizwa. Hata hivyo, aliandika, ikiwa kosa ni la aliyeandika kwa niaba yake, maelezo yaliyosahihishwa yatapokewa ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya barua, na kitu chochote cha kuonyesha kitasaidia.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda kile kile. Mzee Kioko alikuwa amesimamisha cherehani, mguu bado uko juu ya pedali. Syombua alikuwa ndani, nasikia kijiko kinagonga sufuria. Niliisoma barua kimya mpaka mwisho, kisha nikaisoma tena kwa sababu macho yangu yalikuwa yanaruka, na muda wote yeye anangoja.

"Wanasemaje?"

"Wanasikitika, mzee. Hawawezi kuingiza jina."

"Sababu?"

Nilikuwa na sababu mkononi, imepigwa chapa. Nikasema, "Wanasema kumbukumbu zako hazitoshi."

"Kumbukumbu zangu," alisema. Aliinua mkono akajishika shingo, pale kola inapokaa, kwa vidole vinne, kile cha tano kimenyooka hewani. "Hawakusema kitu kingine?"

"Hakuna."

Akanyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja sawasawa katika mikunjo yake, akaitia katika mkebe wa biskuti. Nilitaka kuomba nikae nayo. Nilifikiri kwamba nikiiomba atashuku. Nikafikiri kwamba nisipoiomba mtu ataisoma. Nikafikiri kwamba Syombua hawezi kufungua mkebe wa baba yake. Nilipokuwa bado nafikiri, kifuniko kilishafungwa. Odera alikuja jioni ile, akaambiwa, nami nikangoja amkejeli. Hakumkejeli. Alivua medali yake akaitia mfukoni, wakanywa chai wakizungumza habari za bei ya makaa, na hilo lilikuwa baya kuliko kejeli yoyote.

Miezi mitatu ni siku nyingi kwa mtu asiye na kazi. Wiki ile ile niliandika maelezo mapya, sahihi, miguu mitupu na shingo ya duara, kurasa mbili za Kiingereza zisizo na doa. Lakini yalihitaji dole gumba lake, na yeye angeuliza kwa nini tunaandika tena, nami ningelazimika kumwambia. Yakalala chini ya godoro. Nilipanga kumwambia Jumapili baada ya kanisa. Nikapanga kumwambia siku Odera hayupo. Nikapanga kumwambia Odera akiwapo, ili anitetee. Nilijiambia ningojee nipate kazi kwanza, nikubali kosa nikiwa mtu, si nikiwa omba-omba wa muthokoi wake. Mara mbili nilifika hadi mlangoni na sentensi ya kwanza tayari mdomoni. Na kila jioni, bila kukosa hata moja, aliinua uso kutoka kwenye cherehani akauliza, "Ripoti?" Nami nasimama wima. "Hakuna, afande." Nikionyeshwa kigoda, naketi, nakunywa. Niliona tu kwamba siku hizo alikuwa haulizi kwa sauti ya kijeshi tena. Aliuliza polepole, na baada ya jibu langu alinitazama kidogo kabla ya kunionyesha mahali pa kukaa. Nilidhani ni uzee. Nilidhani kile nilichomwambia kuhusu kumbukumbu zake kimemwingia, na nikaongeza hilo katika orodha ya mambo ya kuja kumwambia.

Kisha kazi ikapatikana: kufundisha historia katika sekondari moja mbali huko magharibi, kuanzia muhula wa tatu. Siku ya kuondoka ilikuwa wiki moja baada ya ile miezi mitatu kwisha. Niliihesabu tarehe ile ikipita, nimelala juu ya yale maelezo, na sitasema uongo, nilihisi kitu kama nafuu. Sasa hakukuwa na faida kumwambia. Ingekuwa ni kumwumiza bure. Asubuhi niliyoenda kuaga, Mzee Kioko alinipa shati jeupe alilonishonea mwenyewe. Kola yake ilikuwa imesimama vizuri kuliko shati lolote la dukani. "Mwalimu lazima awe na kola," alisema. Nilishukuru. Alinishika mkono muda mrefu, akaniuliza kwa mara ya mwisho lile swali letu, na kwa kuwa nilikuwa nimepata kazi, nilifurahi kwamba safari hii nina jibu jingine. "Ripoti nzuri, afande!" nikasema. "Nimepata kazi." Alitikisa kichwa, akasema, "Hiyo nimeisikia." Akaniachia mkono.

Alifariki mwaka uliofuata, katika mvua fupi. Barua ya binamu yangu ilinifikia akiwa ameshazikwa.

Jumanne nilifika Kaloleni saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa tupu, mwangwi unarudi kutoka kwenye kuta, na mahali pa cherehani palikuwa na alama nne sakafuni. Ule msumari mrefu ulikuwa bado ukutani. Syombua alikuwa amebakiza vigoda viwili na chupa ya chai, na alinimiminia strungi bila kuniuliza kama siku hizi natia maziwa. Tulizungumza habari za watoto. Alinisimulia maziko ya baba yake kule Kitui, ambayo sikuwahi kuyauliza. Mzee Odera alisafiri hadi huko na medali yake, na jeneza lilipoteremshwa akasogea kando ya kaburi, akajaribu kuutoa ule mlio wa tarumbeta kwa mdomo wake mwenyewe, meno hana. Alifika katikati ukamkatikia, na watu wakadhani analia.

Kisha Syombua akaleta mkebe. Ndani yake palikuwa na vifungo vya shaba, ile barua, na chini ya barua, limekunjwa kwa mikunjo ya paredi, shati la kaki la mtu mzima. Lilikuwa jipya, halijawahi kuvaliwa, lakini kaki yake ilikuwa imefifia kwenye mistari ya mikunjo. Shingo yake ilikuwa duara tupu. Nililitandaza magotini pangu kama alivyotandaza ile karatasi.

"Alilishona lini?"

"Wiki ile ile ya barua," alisema Syombua. "Nilimsomea."

"Ulimsomea nini?"

"Barua. Ulipotoka tu siku ile aliniita akaniambia, soma yote. Nikamsomea. Akaniambia, soma tena." Alizungumza bila hasira, na ningependa kama angekuwa nayo. "Akaniambia niirudishe katika mkebe na nisikuambie neno. Nilikuwa mtoto, nikamwambia, baba, mimi naweza kuandika, tuandike leo. Akakataa. Akashona hili. Akasema, yule kijana akija kusema, mpe shati apeleke pamoja na maelezo. Ofisi inataka kitu cha kuonyesha."

"Kwa nini hakuniuliza?"

Syombua alinitazama kwa namna nyingine, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyekuwapo darasani. "Ulikuwa umeketi hapo hapo alipotuambia," alisema. "Hanyooshewi kidole. Anangojwa."

Nilibaki na shati magotini. Chai ilipoa. Nje watoto walikuwa wakirudi kutoka shuleni kwa ajili ya chakula cha mchana, na kupitia mlango uliokuwa wazi niliona kaptula zao za kaki zikipita, moja baada ya nyingine. Nilianza kuhesabu, kwa sababu kuhesabu ndiko ninakokimbilia: miezi mitatu, jioni zaidi ya tisini, kigoda kimewekwa mahali pake, kikombe kimemiminwa, na mzee mwenye barua yake na shati lake mkebeni, amesimama katika safu yake juani, ananingoja nitoke hatua moja. Anainua uso kutoka kwenye cherehani. Anaifahamu kazi ya mkono wangu kama mishono. Ananiuliza polepole, ili nisiogope.

"Ripoti?"

"Hakuna, afande."